Stempu za Afrika ya Mashariki: Chapa juu ya Chapa

Waraka ni nusu ya kuonana, ndivyo walivyosema wazee wa pwani. Nao walisema hivyo zamani, waraka ulipokuwa ukisafiri mkononi mwa nahodha, ukingoja kaskazi au kusi, wala haukuwa na stempu. Siku hizi watu wengi huandikiana kwa simu, na wako vijana ambao hawajapata kubandika stempu hata moja. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza habari za stempu za Afrika ya Mashariki, na jinsi mtu asiye na mali nyingi awezavyo kuanza kuzikusanya.

Twaandika hasa kwa sababu moja. Katika masanduku ya wazee wetu zimo barua za zamani, na kila mwaka nyingine huchomwa moto. Nyingine hukatwa pembe, stempu ikatolewa, na iliyobaki ikatupwa. Afanyaye hivyo hudhani ameokoa kitu cha thamani. Kumbe mara nyingi ameitupa kokwa, akabaki na ganda. Nasi twataka kuonyesha kwa nini ni hivyo.

Asili ya stempu ni Uingereza. Zamani huko gharama ya barua ilihesabiwa kwa umbali wa safari na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi mlipaji alikuwa yule aliyepokea, si yule aliyepeleka. Rowland Hill alitoa shauri kwamba gharama iwe moja kwa nchi nzima, ikifuata uzito tu, nayo ilipwe kwanza na mpelekaji. Tarehe 6 Mei 1840 stempu ya kwanza ya kubandikwa ilianza kutumika. Ilikuwa nyeusi, thamani yake peni moja, na juu yake kichwa cha Malkia Victoria. Haikuwa na jina la nchi, maana hapakuwa na nchi nyingine yenye kitu kama hicho. Na Waingereza wameishika desturi hiyo hata leo. Wala haikuwa na meno ukingoni. Mtu aliikata kwa mkasi.

Muhuri wa kuifuta stempu ile ulikuwa mwekundu. Muda si muda ikaonekana kwamba wino ule waweza kusafishwa, na stempu ikatumiwa mara ya pili. Basi mwaka 1841 stempu yenyewe ikafanywa nyekundu, na muhuri ukawa mweusi. Tangu hapo stempu na muhuri ni ndugu wawili wasioachana: stempu hushuhudia kwamba gharama imelipwa, na muhuri hushuhudia mahali na siku. Ushahidi wa ndugu huyu wa pili ndio udharauliwao na wanaoanza.

Twende Unguja tuone. Mwaka 1868 ilifunguliwa huko ofisi ya posta chini ya posta ya Bara Hindi. Haikudumu, lakini mwaka 1875 ilifunguliwa tena. Stempu zilizouzwa pale zilikuwa zile zile za Bara Hindi, zenye kichwa cha Malkia, bila neno lolote la kuzitambulisha kuwa za Unguja. Je, mtu atajuaje leo kama stempu fulani ilibandikwa Unguja au Bombay? Kwa muhuri peke yake. Stempu ile ile ya nusu ana ikiwa na muhuri wa Bombay ni kitu cha kawaida kabisa. Ikiwa na muhuri wa Zanzibar ni sehemu ya habari za pwani yetu. Ndivyo ilivyokuwa pia upande wa Wadachi. Mwaka 1890 walifungua posta Bagamoyo na Dar es Salaam, nao walitumia kwanza stempu za kwao Ujerumani kama zilivyo, na muhuri wa mji ndio ulioleta tofauti. Aikataye stempu ile akauacha nusu ya muhuri kwenye bahasha ameikata habari yenyewe.

Jambo la pili la kujifunza ni chapa ya juu. Kila nchi hutengeneza stempu zake kwa nafasi, illa katika nchi zetu utawala ulibadilika upesi kuliko wachapaji wa Ulaya walivyoweza kufuata. Kwa hiyo mara nyingi ilichukuliwa stempu iliyokuwapo, ikapigwa maneno mapya juu yake. Stempu ya namna hiyo ni kama nyumba iliyoandikwa jina la mwenyeji mpya mlangoni, na jina la mwenyeji wa zamani likawa lingali linasomeka.

Mfano wa kwanza ni Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Mwaka 1890 ilitoa stempu za Uingereza zilizopigwa jina la Kampuni, na mwaka huo huo ikaleta stempu zake yenyewe zenye jua na taji. Zilipopunguka Mombasa mwaka 1891, makarani waliandika thamani mpya juu yake, nyingine kwa kalamu, wakatia na herufi za kwanza za majina yao ili zikubaliwe. Mwaka 1895 Kampuni ilishindwa na mzigo wake, na serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi. Stempu za Kampuni hazikutupwa. Zilipigwa juu yake maneno "British East Africa". Jua na taji la wafanyabiashara likabaki chini, na jina la serikali likalala juu.

Mwaka huo huo wa 1895 posta ya Unguja ilitoka mikononi mwa Bara Hindi, na stempu za Bara Hindi zikapigwa neno "Zanzibar". Kazi hiyo ilifanyika kwa haraka, kwa herufi za kupangwa moja moja, na wapangaji wakakosea. Ziko zilizosomeka "Zanzidar", na ziko zilizosomeka "Zanibar". Kosa la mpangaji aliyefanya haraka sasa hutafutwa kwa bei kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo wadanganyifu wameliiga. Mwaka 1896 zikatoka stempu zenye sura ya Sultani Seyyid Hamed bin Thuwaini. Mwaka huo huo, tarehe 25 Agosti, Sultani huyo alifariki, na siku mbili baadaye mizinga ya Waingereza ikalipiga jumba la kifalme.

Sasa twende Uganda, ambako habari yake yatupendeza sisi tulio karibu na kazi ya misioni. Mwaka 1895 serikali ilitaka posta ndani ya nchi, walakini hapakuwa na stempu wala mtambo wa kuzichapa. Padre Ernest Millar wa Church Missionary Society huko Mengo alikuwa na mashine ya kuandikia. Akazipiga stempu kwa mashine ile, moja moja, kwenye karatasi nyembamba: herufi U na G pembeni, na katikati tarakimu ya thamani, kwanza kwa wino mweusi, kisha kwa wino wa zambarau. Na thamani ile haikuwa ya ana wala ya rupia, bali ya kauri, yaani simbi za pwani zilizokuwa fedha ya sokoni, ambazo 200 zilihesabiwa kuwa rupia moja. Mwaka 1896 misioni hiyo ikachapa stempu nyingine kwa mtambo, na thamani zake zikawa za ana na rupia. Mwaka 1898 zikafika zile zilizochapwa London, zenye sura ya Malkia.

Stempu za Millar ni miongoni mwa zile zitafutwazo sana na wakusanyaji wa dunia nzima, nazo zimeigwa sana. Si ajabu: kitu kilichopigwa kwa mashine ya kuandikia chaweza kuigwa na mwenye mashine ya namna ile. Mtu anayeanza na afahamu hapa kanuni moja: kadiri stempu ilivyo ya thamani na rahisi kwa sura, ndivyo iwapasavyo wanunuzi kuiogopa. Stempu iliyo juu ya bahasha yake, pamoja na muhuri, jina la mpokeaji na siku, ina mashahidi wanne. Iliyo peke yake ina shahidi mmoja, naye ni muuzaji.

Mtambo mwingine wa misioni umeingia katika habari hizi. Katika Vita Kuu ya kwanza, merikebu za Waingereza zilifunga bahari, na posta ya Wadachi katika Afrika ya Mashariki ikaishiwa stempu. Mwaka 1916 mtambo wa misioni ya Kiinjili huko Wuga, katika Usambara, ambako vitabu vilikuwa vikichapwa, ulipewa kazi ya kuchapa stempu za thamani tatu: heller 2½, heller 7½ na rupia moja. Lakini mwezi wa Machi mwaka ule merikebu iitwayo Marie ilipenya, ikatia nanga katika ghuba ya Sudi, nayo ilikuwa imechukua stempu pamoja na silaha. Zile za Wuga hazikuhitajiwa tena. Zikafukiwa ardhini ili adui asizipate. Baada ya vita zikafukuliwa, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu, zikauzwa Ujerumani.

Vita vile vilizaa chapa za juu nyingi kuliko wakati wowote. Waingereza walikitwaa kisiwa cha Mafia mwezi wa Januari 1915, na stempu za Kijerumani zikapigwa neno "Mafia" pamoja na herufi za jina la Mfalme George. Majeshi yaliyoingia kutoka kusini yalitumia stempu za Nyasaland zilizopigwa "N.F." mwaka 1916. Wabelgiji walioingia kutoka magharibi walizipiga stempu za Kongo kwa Kifaransa na Kiflemi. Mwaka 1917 stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda zikapigwa "G.E.A.", yaani herufi za kwanza za jina la Kiingereza la nchi ya Wadachi. Mtu akiziweka hizi katika ukurasa mmoja, ataona nchi moja ikigawanywa na majeshi matatu, kila jeshi likiandika jina lake juu ya karatasi iliyo karibu.

Wasomaji wetu wapendao habari za lugha watapata katika stempu hizi jambo lao pia. Neno "pesa" lilitoka Bara Hindi, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Wadachi walipoona kwamba watu wa pwani huhesabu kwa pesa, mwaka 1893 waliziandika stempu zao za Ujerumani thamani ya "Pesa", neno letu hilo hilo. Mwaka 1901 wakaleta stempu zenye picha ya merikebu ya Kaisari iitwayo Hohenzollern, picha moja kwa makoloni yao yote; jina la nchi na namna ya fedha ndivyo vilivyobadilika. Kisha wakaacha hesabu ya 64 wakafuata ya 100, na mwaka 1905 stempu za merikebu ile ile zikatoka zikiwa na neno "Heller". Utawala wao ulikwisha, rupia yao ikaondoka, lakini heller haikutoka kinywani mwa watu: ndiyo "hela" tuitajayo hata leo. Stempu za Tanganyika za mwaka 1922, zenye kichwa cha twiga, zilikuja na senti na shilingi. Na huko Uganda neno "ensimbi" la Kiganda lina maana ya fedha hata sasa, ijapokuwa hakuna anunuaye kwa kauri. Basi pesa, hela, senti na shilingi, maneno tuyasemayo kila siku bila kufikiri, yote yamo katika stempu, kila moja na mwaka wake.

Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa katika stempu moja. Picha zake zilikuwa za nchi yenyewe: simba, korongo mwenye taji, mlima Kilimanjaro, daraja la Jinja, na jahazi katika ziwa Victoria. Stempu ya senti 5 yenye jahazi yatufundisha kutazama. Ziko za namna mbili. Katika namna moja kamba ya upande wa kushoto haigusi tanga. Katika ya pili imeligusa, kwa kuwa mchongaji aliitengeneza tena picha. Mtu aweza kuwa nazo zote mbili miaka mingi asijue, mpaka siku aliyochukua kioo cha kukuzia akaifuata kamba.

Sasa, mwenye kutaka kuanza afanyeje? Kwanza asinunue kitu. Aanze nyumbani kwake, kwa jamaa zake, shuleni au kanisani, mahali palipowekwa barua na hati za zamani, tena aombe ruhusa. Bahasha yoyote ya zamani aiache nzima pamoja na barua yake. Aandike katika daftari imetoka wapi, kwa nani, na siku gani. Maneno yaliyomo ni siri ya wenyewe, naye asiyatangaze bila idhini yao.

Stempu za siku hizi zilizo juu ya vipande vya bahasha visivyo na habari zaweza kutolewa. Kata karatasi kando yake, usiiguse stempu. Ilaze juu ya maji ya vuguvugu, picha ikitazama juu, mpaka gundi ilegee yenyewe. Usiivute. Kisha ilaze kwenye karatasi ya kukaushia, uiwekee kitabu kizito juu. Walakini jihadhari: wino wa baadhi ya stempu za zamani zilizochapwa London, hasa wa kijani na wa zambarau, ulifanywa makusudi utoke ukilowa, ili mtu asiweze kuusafisha muhuri. Stempu ya namna hiyo ikitiwa majini hutoka imepauka, wala hairudi. Na zile za kujibandika zenyewe, zisizolambwa, nyingi hazitoki kwa maji. Hizo ziachwe juu ya karatasi yake.

Vyombo vyahitajiwa vichache: kibanio chembamba kisicho na meno, kwa sababu vidole vina mafuta na jasho, kioo cha kukuzia, na daftari lenye kurasa imara. Usibandike stempu kwa gundi wala kwa utepe wa kunata. Tumia vijikaratasi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, au vifuko vyake. Hewa ya pwani ni adui mkubwa. Unyevu huamsha gundi ya stempu mpya zikashikana, na kuvu huacha madoa mekundu. Wadudu nao hula karatasi. Liweke daftari wima mahali pakavu, mara kwa mara ulifungue lipate hewa.

Tena chagua shamba dogo ulilime vizuri. Atakaye stempu za dunia nzima hatamaliza, wala hatajua chochote kwa undani. Bali achaguaye mihuri ya mji mmoja, au stempu za Unguja tangu 1895, au picha za majahazi tu, baada ya miaka michache atakuwa mwalimu wa wengine. Viko vitabu vya orodha, kama vile vya Stanley Gibbons, nyumba ya Waingereza iliyotoa orodha yake ya kwanza mwaka 1865, na vya Michel vya Wajerumani vilivyoanza mwaka 1910. Vitabu hivi vina faida kubwa kwa kujua miaka na namna. Lakini bei iliyoandikwa humo ni ya mwuzaji kwa stempu njema kabisa; anayeanza asidhani kwamba ataipata akienda kuuza.

Katika stempu za nchi zetu iko chapa ya juu moja ambayo twaitaja mwisho. Tanganyika ilipopata kujitawala mwaka 1961, stempu zake zilichapwa neno "Uhuru". Baada ya mapinduzi ya Unguja ya tarehe 12 Januari 1964, stempu za Sultani zilizokuwapo zilipigwa kwa mkono neno "Jamhuri" pamoja na mwaka 1964. Mkono uliofanya kazi ile ulifanya yale yaliyofanywa na Kampuni, na Wadachi, na Waingereza, na Wabelgiji. Ulimwandika mwenyeji mpya juu ya mlango wa zamani. Tofauti ni lugha. Mara hii neno la juu lilikuwa la Kiswahili.

Basi, sura za wafalme, malkia na masultani ndizo zilizojaa katika stempu za kwanza. Tarishi aliyeubeba mfuko wa barua kutoka Mengo mpaka Mombasa kwa miguu, kabla reli haijafika ziwani mwaka 1901, hayumo. Hata hivyo ameacha alama yake. Igeuze bahasha ya siku zile: mbele uko muhuri wa mahali ilipoondoka, na mara nyingi nyuma uko muhuri wa mahali ilipofika. Toa tarehe moja katika nyingine, na hesabu utakayopata ni siku za safari yake, pamoja na mito yake, mvua yake na njaa yake. Hesabu hiyo haimo katika stempu iliyokatwa. Kwa hiyo twasema tena kwa kila atakayeanza kazi hii njema: mkasi uwe chombo chako cha mwisho.